Presha ya Somoe Ilipokataa Kupanda

"Isipopanda, unaongeza." Ndivyo ulivyosema, Rehema, na wenzako wa chuo wakacheka, mkaona bibi kakwama. Haya. Sikatai kwamba mashine zenu zinajua kazi. Presha ikishuka zinalia zenyewe, unachoma efedrini, presha inapanda, upasuaji unaendelea. Mimi mwenyewe nimeichoma efedrini kabla mama yako hajazaliwa, naipenda, imenitoa mahali pabaya mara nyingi. Lakini hilo neno lako siliachi lipite. Isipopanda, mwanangu, simama kwanza ujiulize kwa nini. Dawa imeshakujibu kitu, wewe unataka kuizomea.

Najua mna haraka. Mimi nilikuwa na haraka kuwazidi wote. Nilitoka sekondari naona dunia inachelewa, nikapangiwa tiata, chumba cha upasuaji, katika hospitali moja ya wilaya huku pwani ya Lindi, niwe msaidizi wa mtu wa usingizi. Enzi zile hakuna aliyejua jina la maana la kazi yetu. Ilikuwa nusu kaputi tu, na mimi nikawa binti wa nusu kaputi. Nikienda kununua samaki, wauzaji wananitania: "Msimwache akaribie, atatulaza, tukiamka samaki hakuna!"

Aliyenifundisha ni Bwana Chilumba, Mmakonde mfupi mwenye vidole virefu kama vya mpiga zeze. Mgonjwa akishalala, kidole chake kimoja kilikaa mbele ya sikio la mgonjwa, pale mshipa unapodunda, na hakikutoka mpaka tumemaliza. Presha alipima kwa mashine ya kupampu kwa mkono, lakini hakuiamini peke yake. "Mashine inakupa habari za muda uliopita," alikuwa akisema. "Kidole kinakupa za sasa hivi." Jaribuni, nyinyi wenye vioo vinavyowaka. Umeme ukikatika mtanikumbuka.

Mimi kidole nilikiweka, lakini mdomo haukutulia. Kwa nini huyu moyo unakwenda mbio? Kwa nini yule umepoa? Bwana Chilumba akasema, "We binti, una maswali kama mgeni aliyechelewa chakula. Ngoja mgonjwa alale."

"Akilala nitasahau swali."

"Basi halikuwa swali la maana."

Lakini alinijibu, siku zote alinijibu. Kuna mzee wa Rutamba tulimchoma atropini kabla ya kumpeleka tiata, akaanza kulalamika: "Mmenipa nini nyie? Mate yamehama!" Moyo wake nao ukaanza kukimbia. Wanawe wakadhani baba anaogopa kisu, wakamcheka, naye akakasirika, moyo ukazidi. Bwana Chilumba akanivuta pembeni. Moyo una breki yake, akaniambia, neva ndefu inayoteremka kutoka kichwani. Daktari akivuta utumbo, anaikanyaga breki hiyo bila kujua, moyo unapoa ghafla. Atropini inaachia breki. Inafunga na bomba la mate, hiyo ni bei yake. "Kwa hiyo mzee haogopi," akasema. "Mzee hana breki." Tangu siku ile nikawa nawaambia ndugu mapema: moyo utakwenda mbio, mdomo utakauka, msimcheke mtu.

Halafu kuna etha na halotheni, dawa za usingizi za kuvuta puani. Nyinyi etha hamkuinusa, na msitamani. Nilikuwa narudi nyumbani nikinuka mpaka mama ananiwekea maji ya kuoga nje. Wagonjwa wakitapika, wanatapika kweli. Lakini etha ilikuwa na huruma na moyo, iliusukuma, presha haikuanguka ovyo. Ikaja halotheni, mgeni mwenye harufu nzuri, usingizi laini, kila mtu akaishangilia. Mimi nikashangaa kidole changu kinasikia nini: mdundo umelegea. Nikauliza. Bwana Chilumba akasema mgeni huyu anaulegeza moyo na mishipa vyote viwili, mpe kidogo, halafu umwangalie. Na tena hakai nyumba moja na adrenalini, dawa ya kuuamsha moyo. Ukiwakutanisha bila akili, moyo unaanza kurukaruka. Ni wake wenza wale, kila mmoja mzuri akiwa kwake.

Nisiende mbali. Nilitaka kuwaambia habari za Somoe.

Somoe alikuwa mke wa mtu wa Nyangamara, umri wake kama wangu. Ilikuwa miaka ile watu wamehamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, shamba la pamoja upande mmoja, ghala la kijiji upande mwingine. Alikuja na tumbo kubwa kama la miezi tisa, nalo lilikuwa limekaa hivyo misimu miwili. Dokta Lukumba, daktari wetu, alimpima akasema ni uvimbe wa maji kwenye kifuko cha mayai, unatolewa na mtu anapona. Nyumbani kwao walishatoa jibu lao: mimba ya jini. Mama mkwe hakutaka ale naye sahani moja. Mumewe hakuwa mtu mbaya, lakini alichoka kuchekwa, akamwambia, "Ukirudi na tumbo hilo, shukia kwa mama yako."

"Kwa hiyo nesi," Somoe aliniambia, polepole, kwa sauti ya puani, "nikitoka hapa nalo, mimi sina nyumba."

Nikamwambia, "Hutatoka nalo." Mimi na haraka yangu.

Tulipanga sindano ya mgongo, ganzi ya kuanzia kitovuni kwenda chini. Sindano hiyo mnaijua: mishipa ya miguuni inalegea kama mpira wa suruali uliochoka. Damu ni ile ile, chombo kimekuwa kikubwa, presha inashuka. Kwa kawaida moyo unaona hatari na kuanza kukimbia kufidia. Tukachoma. Presha ikashuka, hilo tulilitegemea. Lakini kidole changu kikasikia kitu cha ajabu. Moyo haukukimbia. Ulikuwa unatembea taratibu, kama mtu anayetoka kula pilau.

"Mzee, moyo umepoa."

"Nimesikia. Mlaze ubavu kidogo, kushoto."

Hilo lishikeni. Tumbo zito likimlalia mtu chali, linakalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Ukimwinamisha kushoto, unaunyanyua mzigo. Tukamwinamisha. Presha ikapanda kidogo, ikasimama. Dripu ikafunguliwa yote. Kidogo tena. Bwana Chilumba akachoma efedrini. Tukangoja. Hakuna. Somoe akapiga miayo, akasema, "Nesi, naona giza." Midomo imepauka.

Akachoma ya pili. Hakuna. Ni kama tumechoma maji.

Mkono wangu ulikuwa umeshashika kichupa cha tatu, Rehema. Bwana Chilumba akaniambia, "Weka chini. Hii ameikataa." Akachukua adrenalini, akaichanganya kwenye maji mengi, akampa tone kwa tone, kidogo kuliko nilivyowahi kumwona akitoa. Na presha ikaruka! Kipimo kile kidogo, ikaruka kuliko tulivyotegemea, mpaka akapunguza haraka. Moyo ukaamka. Somoe akafungua macho, akauliza kama tumemaliza.

Dokta Lukumba alikuwa amesimama na kisu mkononi, hajakata. Akakiweka kwenye sinia. "Nisipojua kwa nini imeshuka, sikati," akasema. Tukakaa naye hapo, tone kwa tone, mpaka ganzi ikaisha miguuni.

Wodini Somoe alipojigusa tumbo akalikuta lipo, hakulia kwa sauti. Alijifunika kanga usoni tu. Daktari akasema tumpeleke Dar es Salaam, lakini mvua zilikuwa zimeshakata barabara ya huko, na lori la kijiji lilikuwa linakuja baada ya siku chache kuleta wageni na kurudisha watu. Mumewe ameshaagiza arudi hivyo hivyo, ashukie kwa mama yake.

Mimi sikuweza kutulia. Wengine wakasema efedrini imeharibika kwa joto. Nikasema haiwezekani, boksi ni lile lile, na mama mmoja jana yake ilimpandisha vizuri. Basi dripu haikutosha? Mkojo ulitoka vizuri, maji yalitosha. Uvimbe? Tulimwinamisha. Na kwa nini moyo upoe wakati unatakiwa kukimbia? Na kwa nini dawa moja impite na nyingine imshtue kupita kiasi? Nilimfuata Bwana Chilumba mpaka mlangoni kwake. Mkewe akasema, "Leo mmeoana na huyu au?" Akanipa muhogo nile ninyamaze.

Lori lilifika asubuhi ya siku ya kutazama wagonjwa. Wakateremka akina mama wa Nyangamara, na mbele yao bibi yake Somoe, Binti Selemani, mwembamba, kanga kaifunga vizuri, ana heshima zake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo? Mgonjwa wetu mnamwonaje?"

Sauti ya puani. Nikadhani ni uzee. Jirani yake akanisalimia, sauti ya puani. Wa tatu mdogo kwangu, akasema, "Shikaboo dada." Nikawatazama. Hawakohoi, hawapengi kamasi, macho hayana homa. Wanapiga miayo tu, wote, kama watu waliokesha ngomani. Nikakumbuka sauti ya Somoe.

"Mna mafua nyote?"

"Hatuna mafua," akasema yule wa tatu. "Pua zimeziba tu, tangu tupate usingizi."

"Tangu mpate nini?"

Wakatazamana. Nikamshika mkono yule dada nikidai namsalimia vizuri, kidole kwenye mshipa. Unatembea taratibu. Nikamshika wa pili, vile vile. Wakaanza kucheka: nesi huyu leo anapenda kusalimiana! Mimi sikucheka, nilikuwa karibu kupaa.

Nikakaa chini karibu na Binti Selemani, nikamwuliza usingizi wameupata wapi. Hakuficha. Alifungua fundo la kanga, ndani mna vidonge vidogo vyeupe. Ni vyake, vya presha, zahanati ilimpa vya masika mazima kwa sababu ya barabara. Lakini aliona akimeza moyo unatulia na usiku analala. Na pale kijijini wanawake walikuwa hawalali. Wamehamishwa, mikorosho yao imebaki kule kwenye mahame, vijiji walivyoviacha, makaburi ya wazazi kule, hapa upepo unalia kwenye nyumba mpya kama unawasema. Mioyo inawapiga usiku. Basi akawa anavikata vipande, kila jioni, kila nyumba kipande chake.

"Na wewe bibi unameza kingapi?"

"Kipande. Kama wenzangu." Akanitazama kama mimi ndiye nisiyeelewa kitu. "Kijiji ni kimoja, mjukuu wangu. Nilale peke yangu, wenzangu wakeshe?"

Na Somoe? Somoe alipewa kikubwa kidogo, kwa ajili ya tumbo lile na maneno ya watu. Sisi tulikuwa tumemwuliza kama ana presha, akasema hana. Ni kweli hakuwa nayo. Hakuna aliyemwuliza bibi yake ana nini.

Nilikimbia na kidonge kimoja mpaka kwa Dokta Lukumba. Akakigeuza kwenye mwanga. "Reserpini," akasema. Akaniketisha akanieleza, na mimi nikawaeleza wanafunzi wangu miaka yote kwa njia yangu, na nyinyi nawaeleza hivyo hivyo. Mwishoni mwa neva zinazokwenda kwenye moyo na mishipa kuna ghala. Ndani mna kitu, ndugu yake adrenalini, kinachobana mishipa na kuuamsha moyo. Efedrini yenyewe haibebi mzigo wa maana. Ni mjumbe, anakwenda ghalani anagonga: toeni! Wakitoa, presha inapanda. Sasa reserpini ni panya. Siku baada ya siku inatoboa magunia, ghala linakwisha kimya kimya. Presha inashuka, ndiyo kazi yake, moyo unapoa, pua inaziba kwa sababu vimishipa vya puani vimelegea, mtu anasinzia. Ukimtuma mjumbe kwenye ghala hilo, atagonga mpaka mkono uchoke. Ukimtuma na wa pili na wa tatu, ni wagongaji watatu. Adrenalini anakuja na mzigo wake kichwani, haulizi ghala. Na mishipa iliyokaa na njaa inaupokea kwa pupa, ndiyo maana tone moja lilimrusha Somoe vile.

Sasa unaona, Rehema? Ungeongeza.

Ningependa kuishia hapo, kwenye furaha ya kujua, maana nilikuwa na furaha ambayo sijui kuisema. Lakini daktari alitoka kwenda wodini, na hofu yake ikatoka kama hasira. "Mnagawana dawa kama karanga? Mnataka kuua watu? Huyu mngemwua!" Akina mama wakaanza kukusanya kanga zao. Binti Selemani alifunga fundo lake, akamshika Somoe shavu, akaenda kupanda lori. Mume alikuwa hayupo, alibaki shambani. Somoe alikataa kuondoka. Alishika kitanda kwa mikono miwili, akasema, "Nesi kaniambia sitoki nalo."

Nilimtazama Bwana Chilumba. Akanong'ona, "Wewe na mdomo wako." Halafu akamwambia dereva kwa sauti, "Huyu bado ni wa kwangu. Mwambieni mumewe ganzi haijaisha." Uongo mtupu, lakini lori liliondoka.

Tukangoja ghala lijae. Kidonge kikiachwa hakitoki siku hiyo hiyo, kinachukua wiki. Nilimpima Somoe kila asubuhi, mapigo yakawa yanaongezeka taratibu. Mumewe akaagiza mara ya pili, kwa ukali zaidi. Siku moja Somoe akaniita kwa sauti safi kabisa, sauti ambayo sikuijua. "Nesi! Pua imefunguka. Nasikia harufu ya mchuzi wa wodi." Akakunja uso. "Afadhali ingebaki imeziba."

Tulimrudisha tiata. Dripu kwanza, ubavu wa kushoto, dozi ya mgongo ndogo zaidi, adrenalini imechanganywa iko tayari mezani. Presha ikashuka. Chini ya kidole changu moyo ukaanza kukimbia, unahangaika kama moyo wa mtu mzima mwenye afya. Bwana Chilumba akanipa sindano ya efedrini. "Gonga wewe," akasema.

Nikachoma. Na ikapanda. Dawa ile ile, mtu yule yule, ikapanda kama mtu anapanda ngazi za kwao. Nadhani nilipiga kelele, kwa sababu Dokta Lukumba alisema, "Nesi, tuko kazini," lakini naye alikuwa anatabasamu nyuma ya barakoa, ilionekana machoni.

Uvimbe ulitoka mzima, kama mtungi uliojaa maji. Somoe alikuwa macho, akaomba kuuona. Tukamnyanyulia beseni.

"Huyu ndiye jini mwenyewe?"

"Ndiye," akasema Bwana Chilumba. "Mpe jina kabla hatujamtupa."

"Sitaki undugu naye."

Mumewe alikuja siku ya nne, amevaa kanzu ya Ijumaa. Alisimama mlangoni, akaangalia tumbo, akaangalia chini. Somoe akamwachia asimame muda mrefu kabla ya kumwambia karibu. Mimi nilipita na sinia mara mbili zaidi ya kazi iliyokuwepo.

Jioni hiyo nilikwenda kumpima kwa mara ya mwisho. Nikamwona hana raha. Akaniambia mdogo wake, aliyefuatana na mumewe kuleta uji, ameleta habari. Tangu daktari aliposema yale, Binti Selemani anaogopa watamfunga. Hamezi tena hata kipande chake, kichwa kinamwuma, macho yanaona ukungu. Vidonge havijulikani viko wapi, lakini wanawake wengine bado wana akiba zao, wanameza kwa siri. Mmoja ana mimba, miezi yake imekaribia. "Wamekubaliana," Somoe akasema, "nesi yeyote akija, pale hakuna dawa, hakuna aliyewahi kuona dawa."

Nilisimama na mkono wake mkononi mwangu, nikihesabu. Nikamwona kwa mawazo yule mwenye mimba ameletwa kwetu, mtoto amekwama, sindano ya mgongo imeshachomwa, na mtu anamwuliza una presha, anasema sina. Nikamwona bibi mwenye presha ya kweli, kichwa kinapasuka, ameacha dawa kwa sababu aliigawa kama anagawa chakula, na akatukanwa.

Nilimwomba Dokta Lukumba ruhusa, akanipa, na akanipa kopo jipya la vidonge vya bibi, dozi kamili. Akasema niwaonye vikali. Nikasema ndiyo dokta. Lakini nilishaamua moyoni: kesho asubuhi nitapanda gari la kwanza linalokwenda Nyangamara, nitafika kwa Binti Selemani, nitamwamkia, nitakaa. Mashine ya presha itabaki ndani ya kapu. Na neno langu la kwanza litakuwa kumshukuru kwamba alinifungulia lile fundo la kanga.